Muuza Kufuli Katika Mji wa Milango Wazi

Jumamosi, 3 Mei

Mashine kaninyang'anya mteja mwingine. Mchana kweupe! Mteja alikuwa ameshanyoosha mkono kunipa ufunguo wake, mara akasikia ule mlio kutoka ng'ambo ya barabara, zzzii, akanigeuzia kisogo na kwenda zake.

Mashine ni fundi wa funguo kama mimi. Namwita fundi kwa adabu tu. Kazi yake ni kuingiza ufunguo upande huu wa mashine na kutoa mwingine upande ule, huku anatafuna karanga. Jina lake halisi nalijua lakini siliandiki humu. Hastahili.

Mimi nachonga kwa mkono, kwa tupa. Ufunguo wangu una roho. Wapo wanaosema una roho mbaya, kwamba unaingia na hautoki, lakini binadamu hawakosi la kusema.

Nyumbani nikamkuta mke wangu amekaa kitini na viatu vya kazi bado viko miguuni. Nikajua kuna jambo. Yeye ni mkunga, na viatu ndicho kitu cha kwanza anachovua. Akaniambia hospitali ya ule mji mdogo anakoishi shangazi yake inamtaka awe mkuu wa wodi ya wazazi. Daktari mkuu anataka jibu Jumatano ya wiki ya pili, saa nne asubuhi.

Nikakohoa. Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi kwamba biashara kama yangu haihamishwi ovyo ovyo kama kuku. Akaangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa safi kabisa, haina hata chembe ya vumbi la chuma. Ana ustaarabu wa kuudhi, huyu mwanamke.

Tumekubaliana hivi. Watoto wapo shule ya bweni, yeye ana likizo, basi twende tukakae kwa shangazi tuuone mji. Nikipata wateja, tunahama. Nisipopata, tunarudi, naye hatalitaja tena jambo hili. Hilo "sitalitaja tena" limenichoma. Wapo watu wanaosema hivyo kisha wanalitaja kila mezani. Mke wangu akisema, amesema.

Nimepakia kufuli zangu zote kwenye begi, kubwa kwa ndogo. Nimevaa kofia yangu ya kijani kujaribu nitakavyoonekana nikishuka kwenye basi. Mji mzima bila Mashine! Watanipokea kwa vigelegele.

Jumatatu, 5 Mei

Hakuna vigelegele. Kuna balaa.

Tulifika jana. Mji wenyewe una barabara moja kubwa ya lami, hospitali kwenye kilima, soko, na vichochoro vya nyumba zilizopakana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka. Shangazi, mjane mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, alitupokea kwa kutukumbatia wote wawili kwa mpigo. Begi langu likalia changarachanga. Akauliza nimebeba vijiko?

Nyumba yake ilikuwa wazi. Nikadhani kasahau. Jioni nikaenda kufunga mlango, akaniuliza nafunga nini. Akasema huku milango haifungwi na ufunguo, inasukumwa tu mbwa asiingie.

Leo nimezunguka mji mzima kuhakikisha. Ni kweli! Vitasa vipo, tena vya zamani, vizito, vya kupendeza. Lakini vyote vimekufa kwa kutu. Mshonaji, jirani wa shangazi anayekaa dirishani na cherehani yake na kuona kila kipitacho, amenieleza historia yote bila kukata uzi. Zamani alikuwepo fundi, akahama. Funguo zikapotea moja moja, nyingine zikakatikia ndani. Watu wakaona taabu ya nini. Wakaacha wazi, na hakuna kilichoibwa. Sasa wanajisifia jambo hilo.

Hakuna kilichoibwa! Nimekuja kuuza miavuli jangwani.

Shangazi ana kabati kubwa chumbani, limefungwa tangu mumewe afariki, na ufunguo haujulikani ulipo. Ameweka juu yake chungu cha maua. Akaniuliza kama naweza kulitazama. Nikamwambia kwa upole kwamba mimi niko hapa kwa mambo makubwa, na kabati moja halilishi familia.

Mke wangu alipanda kilimani kuitazama hospitali. Amerudi na tope kwenye viatu, anaimba. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba. Kule jijini tunaishi ghorofa ya nne na jirani wa chini hupiga dari kwa fagio. Nilisimama nyuma ya mlango, mlango usiofungwa, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Nataka huyu mtu ahamie huku. Naandika waziwazi kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumanne, 6 Mei

Biashara ni matangazo. Nimepanga meza sokoni, nimeweka kitambaa cheupe cha shangazi, na kufuli zangu zote zikang'aa juani. Nikasimama na kofia yangu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Watu walikuja wengi. Mji mzuri huu, watu wanakuja. Wakazishika, wakazipima uzito, wakaniuliza habari za jijini, za mke wangu, za watoto wangu, na kwa nini sivai kofia ya rangi nyingine. Mama mmoja aliona kufuli ndogo inafaa kuwa hereni. Hakununua.

Kabla ya adhuhuri nikapata mteja. Mteja! Muuza nyama, jitu la miraba minne lenye sauti laini, akachagua kufuli kubwa kuliko zote. Nikamsifu kwa busara yake. Nikamweleza kwamba duka la nyama ni kishawishi. Akasema ndiyo, ndiyo, akaibeba mpaka dukani kwake, akaiweka juu ya karatasi za kufungia nyama zisipeperuke.

Nilipokwenda kumweleza matumizi yake sahihi nikamkuta ameketi juu ya sanduku la chuma lenye kufuli iliyoshikana na kutu. Nikamuuliza lina nini. Akasema hajui, lilikuwa la babu yake, ni kiti kizuri. Nikatikisa kichwa. Watu hawa hawana hamu ya kujua mambo.

Alhamisi, 8 Mei

Nimewaza siku mbili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kipara changu hakihusiki. Tatizo la mji huu si kufuli. Tatizo ni kwamba hawajui hofu! Mtu asiyeibiwa hanunui kufuli. Basi waonje kidogo. Si kuiba, hapana, mimi ni mtu wa heshima. Ni kuhamisha tu. Mtu akikuta kitu chake hakipo mahali pake, moyo utamdunda, na moyo ukidunda miguu itamleta kwangu.

Nikaanza na mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona. Alikuwa bustanini. Nikaingia, nikachukua saa yake ya mezani, nikaiweka jikoni. Ana kabati zuri la vitabu, la vioo, limefungwa. Alinieleza juzi kwamba ufunguo ulipotea na yeye husoma majina ya vitabu kupitia kioo, na kwamba kwa sasa anayakumbuka majina kuliko hadithi zenyewe. Maskini. Lakini sikuja kwa ajili ya vitabu. Nikatoka kwa kunyata.

Nikasubiri kelele. Kimya. Nikapita tena kama mtu wa njia. Mwalimu akanisalimia kwa furaha, akasema mshonaji bila shaka kaja kuangalia saa na kuisahau jikoni, ndivyo alivyo.

Nikaenda kwa mshonaji, nikahamisha kiti. Hakushtuka. Akasema muuza nyama kakiazima na kakirudisha pasipo pake.

Nikaona lazima kitu kitoke nje kabisa. Nikabeba sufuria ya mwanamke wa nyumba ya bluu, nikaificha chini ya kitanda chetu. Baadaye nikachukua ya jirani yake pia, kwa uhakika zaidi. Jioni shangazi akafagia, akazikuta zote mbili. Akajipiga paji la uso, akasema uzee huu, ameazima sufuria za watu na kuzisahau! Akazirudisha na mchicha ndani kwa kuomba radhi. Wenye sufuria wakamletea maandazi kwa kumshukuru.

Nimekula maandazi. Mazuri. Nimeumia rohoni.

Ijumaa, 9 Mei

Vitendo vimeshindwa. Leo nimetumia ulimi.

Nilipita dirishani kwa mshonaji kuomba uzi. Nikamwambia, kwa sauti ya chini na uso wa huzuni, kwamba nimesikia kuna mwizi ameonekana miji ya jirani, anaingia nyumba zilizo wazi, na inasemekana anaelekea huku. Neno dogo tu. Kwa mtu mmoja tu. Nikamwomba asimwambie mtu.

Cherehani ikasimama. Akasema, "Usiniambie!" Nikasema ndiyo hivyo. Akanipa uzi wa bure.

Nilipofika kona, mwalimu mstaafu alikuwa ameshapata habari. Nilikuwa natembea kwa kasi ya kawaida! Mji wenye simu kama hizi hauhitaji minara.

Nimepangusa kufuli zote kwa mafuta. Kesho watajipanga foleni.

Jumapili, 11 Mei

Kufuli hazijanunuliwa. Wamenunua viti.

Naeleza. Jana walikutana wote sokoni. Mimi nikakaa mbele na begi langu, tayari. Muuza nyama akasimama, akasema kwa ile sauti yake laini kwamba kwa kuwa mwizi anapenda nyumba isiyo na mtu, basi kusiwe na nyumba isiyo na mtu. Kila anayetoka amwite jirani aje kukaa mlangoni pake. Wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono nikataja kufuli. Wakanipigia makofi na mimi, kwa ukarimu, kisha wakaendelea kupangana zamu.

Sasa kila mlango una mtu kwenye kiti. Wanapiga soga. Mwanamke wa nyumba ya bluu na jirani yake, ambao mke wangu aliambiwa hawakuwa wakisemeshana kwa sababu ya mfereji wa maji machafu, leo wamekaa mlango mmoja wanacheka. Seremala hawezi kumaliza maagizo ya viti. Seremala! Mimi nimepanda, seremala anavuna.

Na mwizi amekua. Mimi nilimtoa mtupu, bila sura wala nguo. Mshonaji anasema ni mfupi. Mwalimu anasema ana kipara. Shangazi kasikia bombani kwamba anatembea na begi, na begi lake linalia.

Nimeliacha begi nyumbani nilipotoka jioni.

Jumanne, 13 Mei

Mwizi amevaa kofia ya kijani. Hivyo ndivyo walivyosema leo kwa muuza nyama, huku mimi nimesimama pale pale, nimeivaa. Wakaniangalia. Nikanunua nyama ambayo sikuihitaji.

Hakuna mteja. Hata mmoja, ukiacha yule wa karatasi. Na kesho ndiyo Jumatano.

Mke wangu alipanda tena hospitali leo kuwaaga, kwa vile anajua hesabu imekaaje. Kurudi, kichochoro kizima kilimsimamisha. Huyu kamwonyesha mtoto mwenye upele, yule kamwekea embe mkononi. Alipoingia ndani akaanza kukunja nguo na kuzipanga kwenye sanduku. Haimbi. Nikamuuliza kama amenikasirikia. Akasema hapana, ahadi ni ahadi, na hawezi kuniburuta mahali ambapo mikono yangu haitakuwa na kazi. Akasema amewahi kuniona nikikaa bila kazi na hataki kumwona tena yule mtu.

Ningependa angenifokea. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba mwizi ni wangu, nimemtunga mwenyewe, kwa ajili yake. Nikaufunga. Nikamsaidia kukunja shuka. Tulilikunja vibaya, tukalirudia.

Shangazi naye hana raha. Amekaa akiutazama mlango. Akaniuliza kama kitasa chake cha zamani kinaweza kufunga tena, maana amekuta ufunguo wake kwenye kopo la vifungo. Mtu wa kwanza katika mji mzima kuogopa sawasawa! Na ni shangazi wa mke wangu, ambaye siwezi kumuuzia kitu. Nikamwambia aweke mafuta.

Jumatano, 14 Mei

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata kumi.

Nilitoka asubuhi kwenda kumbembeleza muuza nyama kwa mara ya mwisho. Nilitaka anunue kufuli hata ya pili, ya karatasi za upande wa pili. Hakukubali. Nikawa narudi kichwa chini, nikasikia sauti ya shangazi ikiita kutoka ndani ya nyumba. Mlango umefungwa!

Alikuwa amefunga kwa ufunguo mara tu nilipotoka. Na hakuweka mafuta. Baadaye alipotaka kufungua, ufunguo ukakatikia ndani. Dirisha lina nondo. Mke wangu alikuwa nyuma ya nondo hizo, amevaa sare nyeupe, amechana nywele, na saa nne inakaribia. Kama ni kwenda kukataa, alisema, angependa akatae akiwa amesimama mbele ya daktari, si kwa kuchelewa kama mhuni.

Begi langu lilikuwa ndani. Akanipitishia vitu kati ya nondo kimoja kimoja, waya, koleo, bisibisi nyembamba, chupa ya mafuta, na mwishowe begi lenyewe likiwa nusu tupu, likilia changarachanga. Nikapiga magoti mlangoni. Nikainamisha kofia jua lisinipige machoni.

Hapo mshonaji akafungua dirisha lake.

Sijawahi kusikia mtu akipiga kelele vile. "Mwizi! Mwizi ndiye huyo! Ana begi!" Viti vyote vya mtaa vikaanguka kwa mpigo. Wakaja na fagio, na miko, na mwalimu mstaafu na mwavuli. Muuza nyama alikuja na kufuli yangu mwenyewe mkononi, ile kubwa. Nilijua uzito wake. Mimi ndiye niliyemsifia.

Na kitasa kilikuwa kinakaribia kulegea. Fundi yeyote anajua hali ile, ncha ya waya inapogusa kile kipande kilichovunjika na kipande kinaanza kusogea. Ukiacha hapo umepoteza asubuhi nzima. Nikawaambia bila kugeuka kwamba nawaomba wasubiri kidogo, nikimaliza watanikamata.

Wakasubiri! Huo ndio mji wenyewe. Mtu mmoja nyuma yangu hata akauliza kama nahitaji mwanga, akasogea pembeni. Nikasikia mwalimu akieleza wengine kwamba waya unashika upande wa chini. Kipande kikatoka. Nikatia mafuta, nikazungusha, kikalia klak. Mlango ukafunguka.

Wakashangilia. Kisha wakakumbuka, wakanikamata.

Mke wangu akatoka. Akasimama kizingitini kwenye ile sare yake, akawaambia, "Huyu ni mume wangu, ni fundi wa funguo, na mwizi hayupo. Hajawahi kuwepo. Kamtunga yeye mwenyewe ili mnunue kufuli." Akasema hivyo tu, kama anataja uzito wa mtoto. Alijua! Tangu Ijumaa, kumbe, tangu niliporudi na uzi wa bure wakati sijui kushona.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikavua kofia. Nikasema ni kweli, nilitaka tu mke wangu abaki, kwa sababu huku anaimba. Sauti yangu ilitoka vibaya, kama ya mtu mwenye mafua.

Muuza nyama akaitazama kufuli mkononi mwake. Akanitazama. Nikafumba macho. Akauliza kwa ile sauti laini kama kufungua kitu bila ufunguo naweza hata kikiwa na kutu ya miaka mingi, kwa mfano sanduku la babu.

Mwalimu akasema ngoja, yeye ana kabati la vitabu. Mwanamke wa nyumba ya bluu akasema ana dawati. Mtu wa nyuma akasema stoo ya shule haijafunguliwa tangu yeye awe mwanafunzi. Shangazi akapaza sauti kuliko wote kwamba alinitajia kabati lake siku ya kwanza kabisa, nikamwambia nina mambo makubwa!

Walikuwa wakizungumza wote pamoja, juu ya kichwa changu, bado wamenishika mikono. Niliinua macho nimtafute mke wangu. Alikuwa anaangalia watu, akawaangalia mpaka wa mwisho, halafu akakimbia kupanda kilima. Kwa viatu vyeupe, kwenye tope.

Alhamisi, 15 Mei

Alimkuta daktari hayupo. Alikuta mama mmoja ambaye mtoto wake hakuwa na nafasi ya kusubiri daktari. Akanawa mikono. Daktari mkuu alipofika akamkuta na mtoto wa kike mikononi, analia vizuri. Daktari akauliza, basi hilo ndilo jibu? Mke wangu akasema ndiyo.

Tunahama! Naandika tena. Tunahama!

Leo mikono yangu ni myeusi mpaka kwenye viwiko. Nimeanza na kabati la shangazi, kwa adabu na kwa kuomba radhi. Ndani mlikuwa na koti la mumewe na viatu vyake yeye vya harusi. Shangazi akalishika koti, akalinusa, akakaa kimya, na huyu ni mtu ambaye sijamwona akinyamaza hata akila. Nikajifanya naangalia bawaba. Baadaye akajaribu viatu. Havikuingia. Akacheka, akalia, akacheka tena, akatembea chumbani pekupeku amevishika mkononi. Akaniambia, "Mkwe wangu, Mungu akupe." Nilijisikia mrefu kidogo.

Mwalimu alipofunguliwa kabati alichukua kitabu cha kwanza akakaa chini pale pale sakafuni. Nilimwacha ukurasa wa pili. Sanduku la muuza nyama lilikuwa na visu vya babu yake, vimefungwa kwa ngozi ya mafuta, bado vinakata. Ila sasa analalamika kwamba kifuniko kikiwa hakijafungwa sanduku linamfinya anapokaa. Nimelifunga tena kwa ile kufuli yake kubwa. Amenunua nyingine ya karatasi.

Jumamosi, 24 Mei

Nina karakana! Chumba cha mbele cha mshonaji, dirisha la pili. Tunatazama mtaa pamoja. Watu wananiita Mwizi. Mtoto hutumwa, "Nenda kwa Mwizi akutolee ufunguo." Mtu aliyeandika kibao hakuuliza, kaandika Fundi Mwizi kwa rangi nyekundu. Mke wangu amecheka mpaka akashika ukuta. Viti havijaondolewa milangoni, watu wamevizoea. Na kwa kuwa najua mbinu zote za wezi, wamenichagua mwenyekiti wa ulinzi wa mtaa. Mashine hana cheo hicho.

Mke wangu ameniapisha. Mkono juu, mbele ya shangazi, kwamba sitazusha tena habari za mwizi maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo mweupe. Nimejifunza. Mtu mzima hujifunza.

Jumatano, 28 Mei

Kuna jambo limenikosesha raha. Jana nilifungua droo tatu tu. Nimepiga hesabu. Vitu vya mji huu vilivyofungwa vina mwisho! Nikishavifungua vyote, nitafungua nini? Nani atavifunga tena? Hawa si watu wa kufunga.

Mke wangu hutoka kazini anaimba. Siwezi kuhatarisha wimbo ule kwa uzembe wa kukaa tu. Mwanamume lazima afikirie mbele.

Nimeapa kuhusu mwizi. Kuhusu panya sikuapa.

Basi leo asubuhi nilimwambia mshonaji, kwa sauti ya chini, kwamba inasemekana kuna panya wa aina mpya miji ya jirani, mwenye akili, anayejua kusukuma milango ya makabati isiyofungwa na kufuli. Neno dogo tu. Kwa mtu mmoja tu. Cherehani ikasimama.

Jioni nilipita kwa muuza nyama. Amenikalisha kwenye sanduku la babu, akaninong'oneza nijihadhari, mwenyekiti wetu. Kuna panya. Ana kipara, anatembea na kimfuko kinacholia, na amevaa kofia ya kijani.

Kesho nanunua nyeusi.